Mayai ya Moshi na Lawama Isiyokuwa Yake

Yale mayai yalikuwa yangu. Watu walioanza kutapika alasiri ile, kwenye shughuli ya arobaini ya mtoto wa mdogo wangu hapa Dar es Salaam, hawakudhuriwa na kachumbari, wala maji ya bomba, wala mikono ya binti wa kazi. Walidhuriwa na mayai niliyoyachemsha, nikayamenya, nikayafukiza moshi jikoni kwangu, kisha nikayaacha nje ya friji usiku kucha. Nilijua hivyo kabla hatujatoka hospitali. Nikanyamaza, na binti wa watu akafukuzwa kazi.

Nimeyatanguliza hayo ili asiyetaka kusoma zaidi awe ameyapata.

Yai la moshi ni chakula kizuri, na silisemi vibaya. China wanayo mayai yanayofukizwa kwa majani ya chai, na Japani yanauzwa madukani yakiwa tayari, ute wake umegeuka kahawia. Mimi nilifundishwa na mama mmoja niliyewahi kufanya naye kazi. Unatandika foili chini ya sufuria kuukuu, unamwaga majani makavu ya chai, mchele kidogo na sukari, unaweka wavu juu yake, unapanga mayai yaliyomenywa, unafunika na kuteleka. Sukari ikianza kuungua, moshi unapanda, na baada ya muda mfupi yai limeshika rangi. Mwanzoni nilikuwa nayaingiza yakiwa na majimaji, moshi unanata kwenye ute na kuacha uchungu. Nikajifunza kuyakausha kwanza. Moto nao ukizidi, ute unakakamaa na kuwa mgumu kutafuna. Hayo yote niliyajua vizuri. Ndugu zangu wakawa hawaandai shughuli bila kuniambia nije na mayai, na nilipenda kuambiwa hivyo.

Nisilolijua lilikuwa kubwa kuliko nililolijua, na chanzo chake ni mbali. Nimekulia Mwanza. Bibi yangu alikuwa akibanika sangara na sato wa kuuza, na samaki wake walikaa kwenye gunia wiki kadhaa bila kuharibika. Mtoto anayekua akiona samaki anadumu bila friji, na nyumba nzima inanukia moshi, anaamini kwamba moshi ndio unaomhifadhi. Sikuwahi kumuuliza bibi. Nilikariri harufu tu.

Ningeangalia mikono yake ningeona mengine. Samaki alipasuliwa, akatolewa matumbo, akaoshwa, akaachwa kwanza apigwe na upepo. Ndipo alipopandishwa kwenye chanja juu ya moto mdogo wa kuni, akageuzwa na kugeuzwa tena tangu mchana hadi usiku, na kesho yake akarudishwa. Aliyepanda mzito alishuka mwepesi na mgumu, kwa sababu maji yalikuwa yamemtoka. Hata akiwa ghalani hakusahauliwa. Msimu wa mvua alirudishwa motoni kila baada ya siku chache. Tena pale pale Mwanza, soko la Mwaloni, Kirumba, kuna kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akakolezwa chumvi na kukaushwa. Kayabo anasafiri hadi Kongo bila barafu, na hajapita kwenye moshi wowote. Kayabo huyo nilimwona tangu utotoni. Alitosha kunifundisha kwamba kinachomhifadhi samaki ni ukavu na chumvi, na kwamba moshi ni msaidizi.

Sasa tulitazame yai. Karibu robo tatu ya yai ni maji, na ute peke yake una maji kiasi cha asilimia 88. Moshi wa muda mfupi ndani ya sufuria hauwezi kuyatoa. Ni kweli kwamba moshi una fenoli, asidi na formaldehaidi, vitu vinavyozuia vijidudu, lakini vinabaki juu juu. Yai langu lilitoka na rangi mpya na harufu mpya, ndani likiwa lilelile, limejaa maji kama lilivyoingia.

Kuna jambo jingine ambalo naamini wapishi wengi hawalijui: yai bichi lenye ganda zima lina uwezo wa kukaa kuliko yai la kuchemsha. Lina utando mwembamba juu ya ganda unaoziba vitundu vyake, lina ngozi mbili ndani ya ganda, na ndani ya ute kuna kimeng'enya kiitwacho laisozaimu kinachovunja kuta za bakteria. Ndiyo maana mwenye duka mtaani anaweka trei juu ya kaunta kwa siku nyingi na hakuna anayelalamika. Ukilichemsha, ulinzi ule unaharibika. Ukilimenya, ganda limekwenda. Ukilishika, umeliwekea vilivyo mkononi mwako. Yaliyochemshwa hayafai kukaa nje zaidi ya saa mbili, na hata kwenye friji yanapaswa kuliwa ndani ya juma moja. Mimi nilifikiri kinyume kabisa: kwamba lililopikwa limeshakuwa salama, na lililofukizwa limezidi usalama.

Basi usiku wa kuamkia shughuli nilikuwa na trei mbili. Nilikuwa nimejikata kidole nikikata vitunguu, nikakifunga kitambaa na kuendelea kumenya. Mayai yote niliyapoza kwenye ndoo moja ya maji yaleyale. Kisha kila yai nikalitoboa kwa kijiti cha meno ili moshi upenye ndani. Nikafukiza kwa mafungu hadi usiku mkubwa. Yakiwa bado ya moto nikayapanga kwenye beseni, nikafunika kwa foili, na juu yake nikaweka kanga, kwa hiyo joto lote likabaki humo. Friji ilikuwa imejaa nyama na juisi. Ulikuwa mwezi wa Februari, na anayeijua Dar es Salaam ya Februari anajua kwamba usiku wake haupoi. Mume wangu aliuliza kama mayai yatafika asubuhi salama. Nikamjibu, "Haya yamefukizwa, hayaozi."

Asubuhi niliyanusa. Hayakuwa na utelezi wala harufu mbaya. Yaliliwa yote mchana, na kachumbari pembeni, na nikasifiwa.

Alasiri haijaisha, shangazi yetu mwenye kisukari akaanza kutapika. Akafuatia mama mkwe wa mdogo wangu, kisha watoto, kisha mdogo wangu mwenyewe, mama mzazi wa siku arobaini, kichanga chake kikilia kwa njaa huku yeye hawezi hata kukaa. Tuliwapakia kwenye magari. Shangazi na mdogo wangu waliwekewa dripu. Wote walipona, wengi wao kesho yake, lakini usiku ule hatukuwa na uhakika wa kupona huko, na namkumbuka mdogo wangu akiuliza kama maziwa yake yatamdhuru mtoto.

Daktari aliuliza tulikula nini na saa ngapi. Akaeleza kwamba kutapika kunakowahi hivyo, saa chache tu baada ya kula, mara nyingi ni sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula na bakteria waitwao stafilokokasi. Hao hukaa puani na kwenye ngozi za watu wengi wazima wa afya, na hujaa zaidi kwenye vidonda. Sumu yao haina harufu, na hata ukikichemsha chakula upya haivunjiki. Kisha akauliza kama kuna chakula kilichoshikwa kwa mikono baada ya kupikwa, halafu kikalala nje.

Nilikuwa nimesimama karibu naye, kidole changu kimefungwa kitambaa. Nikasema, "Labda kachumbari."

Hilo ndilo kosa ninaloliungama. La beseni na kanga lilitokana na kutojua. La pale hospitali nililifanya nikijua, kwa sababu nikiwa kwenye benchi nilikuwa nimeshapiga hesabu. Shemeji yangu hali mayai tangu utotoni. Alikula kachumbari sahani mbili na hakuumwa. Watoto wanaoogopa pilipili hawakugusa kachumbari. Walikula mayai, na walitapika. Hakuna mayai yaliyopelekwa maabara, kwani hayakubaki, lakini hesabu ile haikuhitaji maabara. Niliogopa aibu. Niliogopa mdogo wangu ajue kwamba aliyemlaza pale na mtoto mchanga ni dada yake. Nikatoa neno moja jepesi, nikidhani litaishia hewani.

Halikuishia hewani. Kachumbari ilikatwa na binti wa kazi, msichana aliyetoka Singida, mtulivu, aliyekuwa akituma sehemu ya mshahara wake nyumbani kila mwezi. Mama mkwe alipotoka hospitali alimwita sebuleni akamuuliza kama alinawa mikono. Akaapa kwamba alinawa. Akanigeukia: "Anti, si uliniona nikiosha nyanya kwa maji ya kuchemsha?" Nilikuwa nimemwona. Nikamwambia aende kwanza akapumzike kwao, mambo yatatulia. Akapewa nauli, na mshahara wa mwezi ule ukakatwa kufidia dawa.

Baadaye nilianza kusoma, kwanza nikitafuta kitu cha kunitetea. Sikukipata. Nilichokipata ni habari ya mtu mmoja wa Illinois, Marekani, mwaka 1997. Alichemsha mayai, akayatoboa, akayaweka kwenye chupa yenye siki nje ya friji, mahali panapofikiwa na jua. Aliyala, na siku saba baada ya kuyaandaa alipatwa na botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia, akalazwa. Wachunguzi walieleza kwamba matundu yale huenda ndiyo yaliyowapeleka bakteria hadi kwenye kiini, ambako siki ilichelewa kufika na hewa haipo. Nilipofika kwenye matundu nikaufunga ule ukurasa. Nilikuwa nimetoboa trei mbili nzima, kwa mkono wenye kidonda, na kuzifunika zikiwa za moto.

Hata hivyo kusoma hakukunifanya niseme. Kilichonivunja ni siku nilipokwenda kumtembelea mdogo wangu nikamsikia akimwonya msichana mpya asije akafanya "kama yule mchafu." Alisema bila chuki, kwa namna mtu anavyosema jambo linalojulikana. Nikamwambia msichana atoke kidogo, nikafunga mlango, nikasema yote: ndoo, kidole, vijiti, kanga, na swali la daktari. Mdogo wangu hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Na ulimwona anaosha nyanya?" Nikasema ndiyo. Akasimama akaenda kutafuta namba ya simu.

Namba ya zamani haikupatikana. Tulimfikia kupitia mjomba wake mwenye genge la mboga. Alikuwa Dodoma, akifanya kazi kwa mama lishe. Nilimwomba radhi kwenye simu nikilia, na nilitarajia naye alie au anitukane. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mimi nilijua ni mayai. Nani angenisikiliza?" Mdogo wangu alimwomba arudi. Alikataa kwa heshima. Nimemlipa mshahara uliokatwa na wa miezi aliyokaa bila kazi, naye ameupokea, na sidai kwamba kwa hilo tumemalizana.

Bado nafukiza mayai, na kwa kuwa wapo walioiga kwangu nina wajibu wa kusema ninavyofanya sasa. Nachemsha hadi kiini kishike, napoza kwa maji safi ninayoyabadilisha, namenya kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, na mwenye kidonda hamenyi. Sitoboi. Nayakausha ndani ya friji, nafukiza machache, na yakipoa kidogo yanarudi kwenye friji mara moja. Mezani natoa yale yatakayoliwa muda ule. Nikikosa nafasi ya friji, sifukizi. Na wale wanaotumia maranda ya seremala badala ya majani ya chai nawasihi waache kama hawajui mbao imetoka wapi. Nguzo na mbao nyingi zilizowekewa dawa ya mchwa, zile zenye rangi ya kijani, huwa zimenyweshwa mchanganyiko wenye aseniki, na kuzichoma jikoni ni kujilisha sumu ambayo hakuna friji itakayoizuia.

Mdogo wangu ameanza tena kula kwangu, ingawa hajaniambia nije na chochote kwenye shughuli zake, na sijamuuliza. Mama mkwe wake nimekwenda kumweleza ana kwa ana. Shangazi pia. Wamebaki wageni wa siku ile ambao wengine siwajui hata majina, majirani na ndugu wa upande wa shemeji, walioondoka na habari ya binti wa Singida asiyenawa mikono na labda wameisimulia kwingine. Hao siwezi kuwafuata nyumba kwa nyumba, nao ndio ninaowaandikia.