Kibuyu cha Longisa na Chupa ya Warumi

Ukitoka Bomet kwenda Narok, shuka Longisa uonje mursik. Utamiminiwa kutoka kwenye sotet, kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet hadi mkaa ukashika. Kitazame kwanza: shingo nyembamba, tumbo la duara.

Umbo kama hilo, ambalo kibuyu hulipata shambani kwa msimu mzima, mafundi wa Kirumi walilipata kwa pumzi. Waliyeyusha mchanga na magadi ya Misri (ndugu wa magadi yetu ya Kajiado), wakachota donge kwa ncha ya bomba refu, wakapuliza huku wakilizungusha lisilegee upande mmoja. Ufundi huo ulianza nchi za Shamu katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Chupa, zamani mali ya matajiri, ikashuka bei. Hata Rhapta, bandari ya pwani yetu ya kale, ililetewa vitu vya kioo.

Nami nilitoa chupa yangu nijaziwe mursik. Mama mwenye nyumba akacheka: kioo ni laini mno, mkaa haushiki. Akaniazima kibuyu, kwa sharti nikirudishe mwenyewe.