Nilihesabu tafiti, sikuzipima

Makala ile niliiandika mimi, na sentensi iliyoleta madhara ni yangu peke yangu. Niliandika kwamba utafiti wa dunia nzima umekwisha kuthibitisha kuwa sindano za Kichina (akupancha) zinatibu maumivu ya mishipa ya fahamu. Haikuwa kweli. Ilichapishwa, ikasomwa redioni, ikasikika hapa Burundi kutoka Gitega mpaka Muyinga.

Nilitegemea uchambuzi unaohesabu machapisho. Ulionyesha kwamba makala za kisayansi kuhusu sindano na maumivu haya zinaongezeka mwaka hadi mwaka, China ikiwa mbele kwa mbali. Mimi nikaona wingi, nikauita ushahidi. Lakini uchambuzi wa aina hiyo hueleza watafiti wanaandika kuhusu nini na wako wapi. Hausemi kama mgonjwa anapata nafuu. Katika hesabu hiyo hiyo mna panya wa maabara aliyefungwa mshipa wa fahamu wa mguu, mna taarifa ya mgonjwa mmoja, mna mapitio ya mapitio. Vyote nilivitia kapu moja.

Nakiri pia kwamba nilitaka iwe kweli. Wenye miguu inayowaka moto ni wengi kwetu: wa kisukari, waliougua mkanda wa jeshi, wa ukoma, waliotumia dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi bila vitamini B6, na wanaoishi na VVU waliomeza stavudini kwa miaka, kabla Shirika la Afya Duniani halijashauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua. Dawa ya amitriptilini huwasaidia baadhi yao, lakini humwachia mtu usingizi mzito na kinywa kikavu. Na madaktari wa Kichina si wageni katika eneo hili. Zanzibar wamekuwapo tangu 1964. Nilihisi ninawapelekea watu habari njema.

Mmoja wa waliosikia alikuwa mama anayeuza ndagala sokoni Muyinga. Nyayo zake zilikuwa zinawaka usiku kama zimepakwa pilipili, na mchana zinakufa ganzi. Kituo cha afya kilikuwa kimemwambia akapime sukari. Aliposikia makala yangu aliahirisha kipimo, akaweka akiba ya nauli, akapanda gari la Gitega kupitia Karusi kumfuata mtaalamu wa sindano.

Mtaalamu yule alimwambia avue ndala kwanza. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kilichoanza kunuka, kijiwe kidogo bado kimezama ndani yake. Mama hakuwa na habari nacho, kwa sababu mguu huo haukuwa ukihisi tena. Mtaalamu alirudisha sindano zake kisandukuni na kumpeleka hospitali mwenyewe. Sukari ilikuwa juu sana. Vidole viwili vilikatwa.

Habari hizi nilizipata kwa simu ya mpwa wake, tunafahamiana. Nilipokwenda kumwona, mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, si ulisema imethibitishwa?" Nilimjibu kwamba nilikosea, na kwamba kosa halikuwa lake kwa kuniamini.

Baada ya hapo ndipo niliposoma nilichopaswa kusoma mwanzo. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 250 wenye maumivu ya mishipa ya fahamu yatokanayo na VVU. Baadhi walichomwa sehemu zinazofundishwa na tiba ya sindano, wengine sehemu za kubuni. Maumivu yalipungua kwa wote, na sindano halisi hazikuzishinda zile za kubuni. Amitriptilini nayo haikushinda kidonge kisicho na dawa. Mwaka huo huo mapitio ya tafiti yalionyesha kwamba majaribio ya sindano yaliyotoka China yalikuwa yakitoa jibu la ndiyo karibu kila mara. Hilo peke yake lilitosha kunifanya niulize maswali kabla ya kushangilia idadi. Na mwaka 2017 mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, baada ya mchujo wote, yalibakiza tafiti 6 zenye washiriki 462, yakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kukubali wala kukataa. Tafiti 6! Mimi nilikuwa nimewaambia watu kwamba jambo limekwisha.

Haki inanitaka niandike na upande wa pili. Jaribio la hospitali kadhaa za China lililochapishwa mwaka 2024, lenye wagonjwa zaidi ya 200 wa maumivu ya mguu yanayotokana na diski ya mgongo kuhama, lililinganisha sindano halisi na za kuigiza. Waliopata sindano halisi walipata nafuu zaidi, na tofauti ilikuwa bado inaonekana baada ya mwaka. Huo ni mwelekeo mzuri wa utafiti: kundi la kulinganisha, muda mrefu wa kufuatilia, ugonjwa mmoja uliotajwa waziwazi. Lakini diski iliyohama si kisukari, na nafuu ya maumivu si uponyaji wa mshipa ulioharibiwa na sukari. Nilikuwa nimeyaweka yote chini ya jina moja, msikilizaji akakosa njia ya kujua kama ninazungumzia mguu wake.

Masahihisho nimeyaandika, nikaomba yasomwe saa ile ile iliyosomwa makala ya kwanza, kosa likitajwa mwanzoni kabisa na si mwishoni.

Mama bado ana maumivu ya usiku, na ameniuliza kama anaweza kurudi Gitega kwa sindano. Nimemwambia swali hilo alipeleke kwa daktari wake, maana mguu wenye ganzi na sukari isiyotulia hauchomwi ovyo. Kwa sasa anapima sukari, anameza dawa zake, na kila jioni binti yake anamkagua nyayo kwa tochi ya simu.