Unalipa Ndio Ulipe

Deni lilikuwa 14,000. Mamangu aliuza mtamba kwa broka mmoja hapa Githongo, akapewa nusu ya pesa, hiyo nusu nyingine ikawa "kesho". Kesho ikamaliza miezi minane. Wazee walijaribu kuwapatanisha lakini broka hakufika kikaoni hata mara moja. Jioni moja Mami akaniambia, "Wewe si ni mwandishi? Andika hii basi."

Mimi ndiye mwenye kelele za Katiba pale nyumbani. Niliacha chuo karo iliponishinda, lakini Kifungu cha 48 nakijua kwa kichwa: kama lazima kuwe na ada ya kutafuta haki, iwe ya kadiri na isimzuie mtu kuipata. Nikamwambia pia kuhusu Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016. Deni lisizidi milioni 1, si lazima wakili, uamuzi ndani ya siku 60. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ni pesa ngapi?"

Ada ya korti yenyewe haikunitisha. Walionitisha ni hao wengine wanaoandamana nayo. Tangu Machi 2024 kesi zinafunguliwa kwa mtandao nchi nzima, jambo zuri sana ukiwa na laptop. Mami ana kabambe. Kwa hivyo tukaenda saiba. Kuchapa madai, 300. Kuskani na kutoa nakala, 240. Kufunguliwa akaunti, 200, juu lazima uwe na imeili, na imeili yenyewe tulisahau nywila tukiwa bado tumekaa pale. Kuna mtu wa kumpelekea broka samansi. Huyo alitaka 1,500 kwa sababu broka siku hizi anaishi Meru mjini na pikipiki haitumii maji. Halafu 50 ya malipo ya mtandao.

Hiyo ni 2,290, na ada ya korti bado hatujaigusa. Hakuna aliyeomba hongo. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na risiti ungepewa ukitaka. Lakini hakuna anayekaa chini kuzijumlisha. Wanaotetea ada husema zinapunguza kesi za upuzi. Sawa. Sasa hapa anayepunguzwa ni nani? Broka alipiga hesabu hii kabla yetu: alijua mama wa maziwa akidai 14,000 atachoka akifika 3,000. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 22, inakataza ada ya kufungua kesi ya kutetea Sheria ya Haki. Mtamba wa Mami haumo.

Yeye alitaka kuelewa moja tu.

"Mwari, hii 50 ni ya nini?"

"Ni ya kulipa, mum."

"Ya kulipa nini?"

"Ya kulipa. Unalipa ndio ulipe."

Mami akacheka mpaka akashika meza. Msichana naye akacheka, akatufutia zile 200 za akaunti. Kisha Mami akafungua leso, akahesabu pesa za maziwa za wiki tatu.

Kesi tulifungua. Samansi ndiyo bado iko kwa mkoba wangu, natafuta hiyo 1,500. Nikilipwa insha hii, mwenye pikipiki nitampigia siku hiyo hiyo.