Kisiwa cha Mvua Kisicho na Mto

Naongoza wageni Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro. Wengi wao wana siku moja tu, na karibu wote huja wakitaka kilele cha Karthala, mita 2,361 juu ya bahari. Mimi siwapeleki huko. Kwa siku moja utapanda na kushuka mbio huku macho yakiwa miguuni, na kisiwa chenyewe hutakiona. Nawaambia tutafuata maji.

Tunatoka Moroni alfajiri, tunapita Mvouni, tunakata mashamba ya migomba hadi msitu unapoanza. Swali huwa moja: "Mto uko wapi?" Hakuna mto. Miteremko ya magharibi ya Karthala hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka, lakini ardhi ni lava changa iliyojaa nyufa na matundu, na mvua huzama pale pale inapoangukia.

Kinachoyachelewesha maji ni miti. Ukungu ukishashuka, namwomba mgeni aweke kiganja kwenye gome la mti mkubwa, pale penye ule uoto laini wa kijani, kisha akandamize polepole. Maji humchuruzika hadi kwenye kiwiko, hata kama mvua haijanyesha. Hapo tunakaa kimya kwa muda. Msitu huu una bundi mdogo ambaye haishi popote duniani ila kwenye miteremko ya mlima huu. Mchana ni nadra kumwona, nami simtafuti kwa kelele wala kwa kutikisa matawi.

Jambo linaloniuma liko hatua chache tu kutoka hapo. Migomba na magimbi hupandwa chini ya miti ya asili, halafu miti yenyewe huanza kuondolewa mmoja mmoja. Siwezi kumlaumu mkulima mwenye watoto wa kulisha, na wageni nawakataza kumpiga picha kama mhalifu. Lakini nawaonyesha gome la mti uliobaki peke yake juani. Ni kavu.

Mchana tunateremka kusini hadi Singani. Aprili 1977 mlima ulipasuka ubavuni, lava ikakizika kijiji na kwenda kuishia baharini. Watu walirudi wakajenga upya. Tunatembea juu ya mwamba ule mweusi, wenye makali yanayokata soli ya kiatu, nami namtaka kila mtu ainame atazame matundu yake kwa karibu. Ndiyo njia yenyewe ya maji. Sehemu nyingi za pwani, bahari ikipwa, maji hayo hujitokeza chini ya mawe kama haya, yakiwa baridi na yenye chumvi kidogo. Ukitumbukiza mkono utayahisi yakipenya katikati ya maji ya bahari yenye uvuguvugu.

Tunamalizia kwa bi mkubwa anayetupikia. Uani kwake kuna birika la saruji linalopokea mvua ya paa, kama nyumba nyingi za hapa. Novemba 2005 Karthala ilitapika majivu, yakaanguka juu ya mapaa na kuingia mabirikani, na maelfu ya watu wakakosa maji safi ya kunywa. Kwa hiyo kila mgeni wangu hubeba maji yake ya siku nzima kutoka Moroni, na hanawi miguu kwa maji ya birika, hata awe na vumbi la namna gani. Baadhi hulalamikia uzito wa mzigo. Silegezi.

Bi mkubwa naye hakubali mgeni aondoke bila kunywa kwake. "Kunyweni, wanangu," atasema, na kikombe kitazunguka. Hapo nawaambia wapokee kwa mkono wa kulia na wanywe chote.