Nilinunua, kumbe nilikodi

Nimekuwa kimya wiki nzima wadau, mniwie radhi. Nilikuwa nagombana na kompyuta.

Mwaka 2018 nilinunua programu ya kuhariri sauti. Narudia, nilinunua, kwa posho zangu za safari, wakati waandishi wenzangu kadhaa walikuwa wanawekewa hiyo hiyo Kariakoo kwa shilingi elfu kumi. Nilijiona mwadilifu kweli. Ndiyo niliyotengenezea kipindi cha wavuvi wa Feri, na mzungumzaji mkuu alikuwa mzee mmoja aliyeanza kwenda baharini akiwa mtoto, mwenye kicheko kinachoishia kwenye kikohozi.

Mzee amefariki mwezi uliopita. Mwanawe akanipigia: "Kaka, ile sauti ya mzee bado unayo? Tunataka wajukuu wamsikie siku ya arobaini."

Ninayo, nikamwambia. Hapo sikuwa nimejaribu.

Laptop ya zamani ilishakufa. Kwenye mpya, programu ikagoma: toleo lako halitumiki tena, lipia jipya. Na hilo jipya haliuzwi, linalipiwa kila mwezi, kwa kadi, kwa dola. Sauti zenyewe zimo ndani ya faili ambalo programu nyingine hazilitambui. Rekodi za mwanzo nilishazifuta kupata nafasi kwenye kinasa sauti. Hilo ni kosa langu, sibishi.

Nikawaandikia. Wakanishukuru sana kwa kuwa mteja wao wa siku nyingi, wakanipa punguzo la asilimia kumi. Jamani!

Sio hao peke yao. Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba baada ya Creative Suite 6 matoleo mapya yatakuwa ya kulipia usajili, na kampuni nyingi zimeingia njia hiyo. Naelewa, watengeneza programu nao wanakula, na toleo jipya ni kazi mpya. Nikiihitaji nitailipia. Ila mimi sikuomba kitu kipya. Nataka kuingia chumba changu, chenye vitu vyangu, kwa ufunguo niliokwisha kuulipia.

Fundi wa Kariakoo alipoona risiti yangu alicheka mpaka akaketi. "Braza, ulinunua kweli?" Wateja wake wa elfu kumi wanaendelea na kazi kama kawaida, maana nakala zao haziombi ruhusa kwa mtu.

Nimelipa mwezi mmoja. Usiku kucha nikahamisha vipindi 41 kuwa WAV, kimoja kimoja, halafu nikafuta usajili (maswali sita kabla hawajakuachia, utadhani unaomba talaka). Sasa nahariri kwa Audacity, ambayo ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2000.

Flashi nimeipeleka Kigamboni jana. Mwanawe aliisikiliza pale pale mlangoni, mpaka kwenye kile kicheko, akaizima.