Nusu Saa ya Mama

Kina mama wa darsa letu la Jumamosi hapa Nkende, Tarime, waliiletea kamati ya msikiti swali: je, kutembea tu, bila kukimbia wala kuruka, kunampunguzia mafuta mwanamke aliyenenepa kupita kiasi? Baadhi yao wana kisukari. Mazoezi mazito yaliwaumiza magoti, wakakata tamaa.

Si jambo la wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi.

Jibu linatia moyo. Mtu anapotembea kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza lakini si kuimba, insulini hupungua katika damu, na mafuta yaliyohifadhiwa mwilini huanza kuachiliwa. Misuli huyapokea na kuyaunguza kwa oksijeni. Mwendo ukiwa mkali mno, misuli huegemea zaidi sukari. Kwa hiyo zoezi jepesi si la kudharauliwa.

Hata hivyo, tusidanganyane: mizani huchelewa, na bila kupunguza chakula uzito haushuki sana. Lakini faida hutangulia mizani, kwani misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu, na mafuta yaliyojilimbikiza katika ini huweza kupungua hata uzito usipobadilika. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Anayetumia dawa za kisukari amuulize daktari kwanza.

Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) akamshinda, baadaye, alipoongezeka mwili, wakashindana tena, naye Mtume akashinda. Bibi Aisha hakuona haya kutaja kuongezeka kwake, na mumewe hakumwacha nyumbani kwa sababu hiyo.

Ndugu zetu wanaume, hapa ndipo penye mtihani. Mke hukosa nusu saa hiyo kwa kuwa uji, maji na watoto vyote vinamngoja yeye. Kamati imeafiki kina mama watembee pamoja, kwa stara, jua likishachomoza. Kilichobaki ni sisi waume kushika mwiko na kuwaandaa watoto kwenda shule, wala tusihesabu kuwa tumewafanyia hisani.