Wa Mwisho Juu ya Mpira

Ipo michezo ambayo sharti lake ni moja tu: waingie wengi, watoke mmoja mmoja, abaki mmoja. Sisi tuliosoma shule za msingi za mjini tuliujua kwa viti. Watoto sita, viti vitano, ngoma inapigwa; ngoma ikinyamaza, asiye na kiti anakwenda kukaa ukutani kuwatazama wenzake.

Wajapani waliutia mchezo wa namna hiyo ndani ya televisheni. Mwaka 1998 Nintendo walitoa Mario Party, iliyotengenezwa na Hudson Soft. Watu wanne wanatembea juu ya ubao kwa kurusha dadu, na kila baada ya mzunguko wanaitwa kwenye kijimchezo cha muda mfupi. Kimojawapo kinaitwa Bumper Balls. Ndicho ninachotaka kukizungumzia, msomaji, maana sijaona kitu kinachofanana na maisha ya mjini kama hicho.

Kuna kisiwa cha duara katikati ya maji. Kila mmoja kasimama juu ya mpira mkubwa, anauviringisha kwa miguu. Hakuna ngumi wala bunduki; unacho kifimbo cha kusukuma kwa kidole gumba, basi. Unamgonga mwenzio, anarudi nyuma, na akifika ukingoni, chubwi! Atakayebaki anapata sarafu 10. Umbo halisaidii kitu: lile sokwe Donkey Kong na binti mfalme Peach wote mipira yao ni sawa. Kinachosaidia ni mwendo. Aliyezubaa ndiye anayerushwa, na mwenye papara hujikuta ukingoni peke yake, mgongo majini.

Utasema basi mjanja akae pembeni, awaache wengine wamalizane. Hata! Muda ukiisha nanyi mko wawili juu ya kisiwa, ni sare, na hakuna anayepata hata sarafu moja. Woga haulipwi.

Sisi tunaucheza Magomeni, kwa binamu yangu aliyerudi kutoka Muscat na mtambo wa Switch na Mario Party Superstars, toleo la mwaka 2021 lililokusanya vijimchezo vya zamani, hiki kikiwemo. Tunakuwa wanne: binamu, jirani, mimi na mdogo wangu. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akitoka wa kwanza kila mara. Washkaji walimkamia, wawili wakimbana kati, halafu kicheko.

Wakati huo alikuwa ametoka kwenye usaili wa kazi. Mchujo wa kwanza alipita. Wa pili alichemsha, au tuseme jina lake halikuonekana kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Sababu hakuna aliyemwambia. Nyumbani alikaa wiki mbili bila kuzungumza, mama akimwekea chakula na kukikuta vilevile.

Siku moja, baada ya kutumbukizwa mara ya nne mfululizo, nilimwambia, "Dogo, pumzika, umpishe mwingine." Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nipumzike nini, kaka? Hapa nikianguka naona aliyenisukuma. Na baada ya dakika wananiita tena."

Nilinyamaza. Kijimchezo chenyewe hakimalizi hata dakika mbili, na mshindi na mshindwa wote wanarudishwa ubaoni kurusha dadu. Hakuna anayekaa ukutani mpaka jua lizame. Kumbe kutolewa si ndiko kunakomuua mtu. Kinachomuua ni kutolewa na asiyemwona, halafu asiitwe tena.

Raundi iliyofuata tulibaki mimi na yeye. Hakunionea huruma, wala mimi sikumwonea. Alirudi nyuma kidogo, akachukua mbio, akanigonga ubavuni, nikaenda majini na mpira wangu. Alicheka mpaka akashika tumbo, jamani, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia tangu ile karatasi ibandikwe.

Jumatatu alipiga pasi shati lake. Kuna usaili mwingine, alisema, na foleni inaanza alfajiri.